Kumsitiri Mtoto Mgonjwa wa Akili si Kumficha

Amma baad. Tumeulizwa na wazazi zaidi ya mmoja, wengine kwa sauti ya chini baada ya sala, wengine kwa barua, swali hili: Mtu aliyeruzukiwa mtoto, akamlea na kumsomesha, kisha mtoto yule alipofikilia ujana wake akapatwa na maradhi ya akili, je, yampasa mzazi kuyaficha maradhi yale kwa kumsitiri mwanawe, au yampasa kuyasema?

Watu wamelijibu swali hili kwa njia mbili. Wako wasemao kwamba siri ya nyumba isivuke kizingiti, kwani dini yetu imeamrisha sitara. Na wako wasemao kwamba mgonjwa wa namna hii ni jambo la mtaa mzima, basi mtaa mzima na ujue. Sisi twaona kwamba majibu yote mawili yana kasoro, na kasoro yenyewe yatokana na neno moja, nalo ni hilo la sitara. Tukilifahamu vyema, mengi yatatubainikia.

Sitara iliyosifiwa katika dini ni kuifunika aibu ya Mwislamu, yaani lile kosa alilolitenda faraghani likamponyoka. Maradhi si kosa. Na kila aliyesoma fiq-hi, hata kidogo, ajua ya kuwa kalamu imeondolewa kwa watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenye wazimu mpaka akili imrudie. Basi ikiwa Malaika hawamwandikii dhambi, sisi twapata wapi ruhusa ya kumwandikia aibu?

Na tuitazame habari ya yule mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akamshtakia kwamba hushikwa na kifafa akaanguka, na mwili wake ukafunuka. Mtume akamkhiyarisha baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Mwanamke akachagua kusubiri, lakini akaomba dua asifunuke, naye akaombewa. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim, na Ibn Abbas ndiye aliyemwonyesha mwanafunzi wake Ataa mwanamke huyo. Kifafa si wazimu, ni maradhi ya ubongo. Lakini hukumu tuitafutayo imo humu. Mwanamke huyu hakuuficha ugonjwa wake. Aliusema kwa ulimi wake, watu wakaujua, nasi leo twausoma. Alilotaka lisitiriwe ni mwili wake usionekane, yaani heshima yake. Basi kinachositiriwa ni heshima ya mgonjwa, na ugonjwa haufichwi kwa anayepasiwa kuujua. Huu ndio msingi wetu, na yote yafuatayo yajengwa juu yake.

La kwanza: ugonjwa haufichwi kwa tabibu. Mtume ametuamrisha kujitibu, na hakuwatoa wagonjwa wa akili katika amri hiyo. Wala wanavyuoni wa zamani hawakuona ajabu katika jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, yaani 934, alitunga kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akaigawa huzuni mafungu mawili: yenye sababu inayojulikana, na ile isiyo na sababu ijulikanayo, ambayo asili yake i mwilini. Sultani Nuruddin alijenga hospitali Damascus mwaka 1154, Sultani Qalawun akajenga nyingine Cairo mwaka 1284, na katika mji wa Aleppo ilijengwa ya Arghun mwaka 1354, yenye vyumba vya wagonjwa wa akili kuzunguka ua wenye maji. Zote ziliendeshwa kwa mali ya wakfu. Wakati ule Mwislamu alipotaka kujikurubisha kwa Mola wake, aliweza kuweka wakfu shamba au duka ili mwenye wazimu apate chakula, dawa na kitanda. Leo wakfu zetu ni za misikiti na makaburi, na mgonjwa hatumkumbuki.

Tena elimu ya leo yazidi ile ya jana. Maradhi yaitwayo skizofrenia, ambayo humfanya mtu asikie sauti zisizokuwako na adhani kuwa watu wamfanyia vitimbi, mara nyingi huanza katika umri wa ujana, kabla ya miaka 30. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba yampata mtu 1 katika kila 300, na kwamba angalau mgonjwa 1 katika 3 aweza kupona kabisa. Tangu mwaka 1952, madaktari wa Ufaransa walipoanza kuitumia dawa ya kloropromazini, dawa za kutuliza maradhi haya zimekuwako na zimeongezeka. Dawa hizi zina taabu zake: humletea mtu usingizi, mikono kutetemeka, au mwili kunenepa. Kwa hivyo kijana huziacha mara tu aonapo nafuu, na mzazi hufurahi akasema, amepona. Kisha baada ya miezi ugonjwa hurudi kwa nguvu. Mzazi mwenye busara hampokonyi daktari kazi yake. Dawa ikimtaabisha mwanawe, aende akaseme, ipunguzwe au ibadilishwe.

Na hapa Mombasa panapo mahali pa kutibiwa maradhi haya, hospitali ya Port Reitz. Na Nairobi iko Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910. Lakini jina la Mathari tumelifanya tusi la kutupiana vijana barazani, kisha twashangaa mzazi akiona haya kumpeleka mwanawe kwa daktari! Haya hiyo tumeifuma sisi wenyewe kwa maskhara yetu.

Labuda mtu atasema: Je, hakuna majini? Na je, Qur'ani si ponyo? Twajibu: Majini wako, na Qur'ani ni ponyo, na mzazi kumsomea mwanawe ni jambo jema lisilohitaji kulipiwa wala kusubiri mtu wa mbali. Lakini kuamini kwamba majini wako si dalili kwamba kila mgonjwa ana jini. Mvunjikaji mguu tunamsomea na tunamfunga mguu, wala hatuoni kuwa moja lalitangua jingine. Basi kwa nini akili iwe mbali na hukumu hii? Ama yule apigaye ramli, na yule apungaye pepo kwa ngoma na vinyago vya matambiko, na yule amtajiaye mama jina la jirani aliyemroga mwanawe, hao wala mali za watu na kuvunja ujirani. Na msomaji yeyote, hata awe na kilemba kikubwa namna gani, akimpiga mgonjwa, au akimfukizia moshi hadi asipate pumzi, au akimwambia aache dawa ya hospitali, basi mzazi na amtoe mwanawe mkononi mwake siku ile ile.

Faida moja ya kutoficha yaonekana mwezi wa Ramadhani. Wagonjwa wengi waweza kuhamishiwa saa za dawa zikawa futari na daku, lakini si wote. Anayetumia dawa ya lithiamu asifunge bila ya kumwuliza daktari wake, kwani maji yakipungua mwilini dawa hiyo hugeuka sumu. Mzazi anayemlazimisha mwanawe kufunga ili majirani wasishuku, amewaogopa majirani mahali pa kumwogopa Mwenyezi Mungu, ambaye amekwisha kumpa mgonjwa ruhusa.

La pili: mgonjwa hafichwi katika chumba. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti ya watu wafungwao minyororo kwa ajili ya maradhi ya akili katika nchi nyingi, na Kenya imo. Twajua ya kuwa mzazi afungaye mwanawe mara nyingi si mkatili. Ni mtu aliyechoka, asiyelala usiku, anayechelea mwana asitoke akagongwa na gari au akamjeruhi nduguye. Hofu hiyo ni ya kweli, na kuwalinda watoto wengine ni wajibu. Lakini kumzuia kwa saa moja mpaka msaada ufike ni jambo moja, na kumfunga mwaka baada ya mwaka ni jambo jingine. La kwanza ni kinga. La pili ni kifungo asichohukumiwa na kadhi yeyote. Katika Suratun Nisaa, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ametukataza kuwakabidhi mali wale wasioweza kuiendesha, na papo hapo akatuamrisha tuwalishe, tuwavishe, na tuseme nao maneno mema. Tazama, ndugu msomaji: mambo mawili yatoka mfukoni, na la tatu latoka ulimini. Mzazi aliyempa mwanawe sahani kupitia tundu la mlango ametimiza moja, akaacha mengine.

La tatu, nalo ndilo lililotufanya tuandike: ugonjwa haufichwi kwa watu wa nikahi. Imeenea katika miji yetu kauli kwamba kijana aliyeharibikiwa na akili dawa yake ni kuozwa. Basi hutafutwa binti wa maskini, au wa mji wa mbali, posa ikapelekwa kwa haraka, kijana akatulizwa kwa dawa siku ya harusi, na biarusi akaja kuyajua mambo baada ya fungate. Tumeletewa wanawake wa namna hii, mmoja na kitoto mkononi, wakiuliza wafanye nini.

Wafanyao hivi hutuletea hoja ya vitabu. Wasema kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi'i baba aweza kumwoza mwanawe mwenye wazimu akiwa na haja, na kwamba katika haja hizo wanavyuoni wametaja kutarajiwa kupona kwake. Hoja hii ni ya kweli, lakini wameisoma nusu. Vitabu hivyo hivyo vimeshurutisha kwamba matarajio hayo yawe kwa kauli ya matabibu waadilifu, si kwa kauli ya shangazi wala ya mpiga ramli. Na daktari gani leo asemaye kwamba ndoa huondoa skizofrenia? Tena vitabu hivyo hivyo vimeuhesabu wazimu kuwa katika aibu za nikahi zinazompa mwenzi haki ya kuivunja. Nayo ni dalili kwamba mwenzi ana haki katika jambo hili. Mtume alipotia mkono wake katika chungu ya chakula sokoni akakuta umajimaji ndani, alimkemea muuzaji kwa kuuficha chini, akajitenga na kila mwenye kughushi. Ikiwa hiyo ni hukumu ya nafaka, itakuwaje ya binti wa Mwislamu?

Wala hatusemi kwamba mgonjwa wa akili asioe wala asiolewe. Wako waliotulia kwa dawa, wakaoa kwa uwazi, wakaishi na wake zao kwa mapenzi na kusaidiana. Tofauti ni neno moja lililosemwa kabla ya mahari: mwenzi ajue, kisha achague.

Sasa twageukia upande wa pili, kwa wale wasemao mtaa mzima na ujue. Anayepasiwa kujua ni tabibu, na mchumba na walii wake, na wale walioko karibu watakaosaidia. Wengine wote hawana haki. Kumtaja mgonjwa barazani kwa kucheka ni kusengenya, na asiyeweza kujitetea ndiye ambaye kumsengenya ni kubaya zaidi. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwa Anas kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa na kitu katika akili yake alimwambia Mtume kuwa ana haja naye. Mtume hakumfukuza wala hakumpeleka kwa mtu mwingine. Alimwita kwa heshima ya umama wake, akamtaka achague njia aitakayo, akasimama naye huko mpaka haja yake ikaisha. Alisimama naye njiani, mahali ambapo watu wapita. Hakumwonea haya, wala hakuifanya haja yake kuwa gumzo. Tukiweza kulifuata hili moja, mzazi hatakuwa na sababu ya kufunga mlango.

Na mtaa una deni. Nafaka ya mwana mzima asiyeweza kuchuma, naye hana mali, imo juu ya baba yake. Lakini baba huzeeka, na mama ndiye abakiye macho usiku. Jamaa na washike zamu, ampumzishe huyu leo na yule kesho. Na kijana akitamka kuwa ataka kujiua, asijibiwe kwa kutishwa Moto wala kwa kuitiwa polisi; asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali. Hata Mahakama Kuu ya Kenya, mwezi wa Januari 2025, imehukumu kuwa kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Isiwe mahakama zina huruma kuliko sisi.

Mzazi mwenye mtihani huu asijiulize daima ni dhambi gani aliyoitenda. Nabii Yaqub alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakaingia weupe, wala huzuni ile haikumpunguzia daraja yake. Bali aliwatuma wanawe watoke wakatafute, na akawakataza kukata tamaa. Basi na alie atakaye kulia, kisha atoke akatafute.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape wazazi wao nguvu na usingizi, na azifanye ndimi zetu kuwa salama juu yao. Wabillahi tawfiq.