Krismasi ya Asiyehesabiwa

Kwetu Old Moshi, Krismasi ni siku ya kuhesabiwa. Desemba ikifika ukingoni mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanapanda yamejaa, na kila anayeshuka anakaguliwa: nani kaja na gari, nani kaongeza chumba kihambani, nani kachangia ng'ombe na nani kaleta maneno. Usipoonekana, utajadiliwa huku watu wanakunywa mtori. Nayapenda mambo hayo, na yananichosha.

Mwaka huu niko Leipzig kwa mafunzo ya maabara, na hakuna anayenihesabu. Jioni napitia soko la Krismasi, ambalo asili yake ni ya 1458. Nanunua divai ya moto yenye mdalasini na karafuu, naweka amana ya kikombe, nasimama kwenye baridi na watu nisiowajua, sote pua zikituvuja. Nafurahi kwelikweli. (Nilipomwambia mama kwamba wengi hapa mkesha wa Krismasi hula saladi ya viazi na soseji, aliuliza kama kuna msiba.) Lakini furaha isiyonidai kitu, je, ni ya Krismasi au ni ya matembezi tu?

Mwenzangu wa maabara alinipeleka Thomaskirche kusikiliza Oratorio ya Krismasi, ambayo Bach aliitunga kwa sikukuu za 1734 akiwa mkuu wa muziki mjini hapa. Kaburi lake limo kanisani humo. Mwenzangu haamini Mungu, na hapa walio kama yeye ni wengi. Ila maneno ya kwaya ameyakariri yote, midomo ilikuwa ikimchezacheza. Mimi niliyebatizwa kichanga, katika kanisa ambalo wamisionari wa Leipzig walianza kulipanda Kilimanjaro mwaka 1893, nilikuwa nafuata kwa kubahatisha. Sasa mgeni pale alikuwa nani?

Usiku ule nilifungua Luka sura ya pili. Yusufu naye alipanda kwenda kwao, mji wa ukoo, kuhesabiwa. Mchaga yeyote anaielewa safari hiyo. Na huko huko kwao akakosa nafasi. Walioambiwa wafurahi ni wachunga kondoo, watu wa zamu ya usiku ambao hawakualikwa na ukoo wowote. Furaha kuu ilitangazwa kwao kabla hawajachangia hata senti. Luka hasemi walikwenda na chochote mkononi. Zawadi ni za mamajusi, na hao ni wa Mathayo. Walitazama, wakarudi kazini wakimsifu Mungu. Basi nami sina sababu ya kukionea haya kikombe changu.

Kinachonikera ni kingine. Furaha ya mgeni huwa nyepesi kwa sababu uzito wake uko kwa mtu mwingine. Wale wachungaji walifika kumtazama mtoto. Aliyetoka kuzaa ni Mariamu, kwenye majani ya mifugo, mbali na mama yake. Kwetu wanaokesha na masufuria ni wake wa kaka zangu, na miaka yote nimeiita hiyo sikukuu yetu sote. Juzi nilimuuliza dada anayeuza divai sokoni, vidole vimemkakamaa kwa baridi, Krismasi yake ataila wapi. Akasema soko likifungwa tu, analala mpaka tarehe 27.