Mwindaji Hayumo Pichani

Somo: Mwanzo 27:1–29



Miaka ya 1980, tulipokuwa tukisomea ualimu chuoni, mkufunzi wetu wa sanaa alituonyesha kitabuni picha za Jean Siméon Chardin, Mfaransa aliyeishi kati ya mwaka 1699 na 1779. Fundi huyu alipenda kuchora vyombo vya jikoni na vyakula, na mara nyingi alichora sungura na ndege waliowindwa. Katika picha moja sungura amelazwa, amekufa, na kando yake upo mkoba wa mwindaji pamoja na kichupa cha baruti. Manyoya yamechorwa hata mtu atamani kuyapapasa. Tuliitazama kimya. Kisha mwenzetu mmoja, mtoto wa mwindaji, akauliza, "Na aliyemwua yuko wapi?" Tukacheka. Mkufunzi hakucheka.

Swali lile limeturudia uzeeni, na sababu ni hii.

Sisi wa Katavi hatuhitaji kufundishwa windo ni nini. Wazee wa Kipimbwe, Kikonongo na Kibende walikuwa wawindaji hodari, na gobore lilijulikana vijijini kama jembe. Lakini nyakati zimebadilika. Mwaka 1974 Katavi ilifanywa Hifadhi ya Taifa, ikapanuliwa mwaka 1998, na humo raia haruhusiwi kuwinda kabisa. Nje ya hifadhi, mwenye kuwinda sharti awe na kibali. Haya twayajua sote, wakubwa kwa wadogo.

Hata hivyo, miaka michache iliyopita tulialikwa kwenye sherehe ya Kipaimara. Usiku wa kuamkia siku ile, gunia liliingia kwa mlango wa nyuma. Mchana tukapakuliwa nyama ambayo haikuwa ya mbuzi wala ya ng'ombe. Ulimi wa mtu wa Mpanda haudanganyiki. Hakuna aliyeuliza neno. Sisi tuliombwa kubariki chakula. Tukasimama, tukamshukuru Mungu aliyetupa, tukala, tukaongezewa. Kijana aliyeleta gunia hakuketi mezani pamoja nasi.

Baada ya majuma machache kijana yule alikamatwa porini na windo jingine, akahukumiwa kifungo. Wengine wetu tukasema, "Amezoea huyo." Mama yake huketi benchi la nyuma kanisani. Sisi tuliokula huketi mbele.

Sasa tusome habari za Isaka. Mzee yule alipenda mawindo ya Esau mwanawe, na macho yake yalikuwa hayaoni tena. Yakobo alipomletea nyama ya mbuzi akijifanya kuwa Esau, Isaka aliuliza imekuwaje ameipata upesi hivyo. Yakobo akajibu kwamba Mungu ndiye aliyemfanikisha. Tazameni, ndugu zangu: kipofu aliuliza nyama imepatikanaje, na sisi wenye macho hatukuuliza. Tena Yakobo alilitaja jina la Mungu ili kufunika uongo. Je, sisi tulifanya nini tulipoinamisha vichwa juu ya sahani zile?

Hatuandiki haya ili kumtetea avunjaye sheria. Kosa lake ni kosa. Lakini gunia halitoki porini usiku pasipo mtu wa kulipokea. Chardin hana lawama. Alichora kilichokuwa mbele yake. Sisi ndio tuliomfuta kijana wetu katika picha tuliyoijua yote, akabaki nyama tu.

Mwezi uliopita tulikwenda gerezani kumtazama. Tulichukua sabuni na sukari. Alituamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nasi tukaitikia. Tukamwambia, "Mwanetu, ile nyama ya Kipaimara tuliila na sisi, nasi tulijua." Akatazama chini kwa kitambo, kisha akajibu, "Najua, Mwalimu. Nilikuwa nje, karibu na dirisha, mlipokiombea chakula."

Hatukuwa na la kumjibu, ila kumshika mkono.

Basi, wapendwa, kabla ya kubariki chakula tuulize kimepatikanaje, hata kama swali litamkera mwenyeji. Na tulipokwisha kula pasipo kuuliza, tusimwache aliyetulisha aibebe adhabu peke yake. Bwana wetu alisema kwamba anayemtazama mfungwa amemtazama Yeye. Jumapili ijayo, tukitoka ibadani, tuanzie benchi la nyuma.

Mungu atusaidie. Amina.