Jirani Anapogeuka Adui



Jumapili moja baada ya ibada mama mmoja alinisimamisha mlangoni pa kanisa akaniuliza: "Rwanda ndiko ulikotoka Uamsho. Basi wakati wa mauaji, wokovu ulikuwa umekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutazungumza siku nyingine, naye akaona kwamba namkimbia.

Swali lake ni zito, na kwetu Waanglikana ni zito zaidi. Uamsho ule ulioenea Uganda, Kenya na Tanganyika una mizizi yake Gahini, nchini Rwanda, kwenye hospitali ya misheni, katika miaka ya 1930. Hata leo twaimba Tukutendereza. Lakini kuanzia tarehe 7 Aprili 1994, kwa muda wa siku 100 hivi, watu wapatao 800,000 au zaidi waliuawa katika nchi hiyo hiyo, walio wengi Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa uovu ule. Maelfu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Askofu mmoja wa Kianglikana alishtakiwa mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa pale Arusha, akafariki mwaka 2003 kabla kesi yake haijasikilizwa. Hukumu haikutolewa, wala si kazi yetu kuitoa.

Ni rahisi kusema kwamba wauaji wale walikuwa mashetani. Tukisema hivyo twalala usingizi mzuri, maana sisi si mashetani. Ila Mmarekani mmoja, Scott Straus, aliwahoji wafungwa 210 waliokiri makosa yao, akakuta kwamba wengi wao walikuwa watu wa kawaida kabisa: wakulima, akina baba wenye watoto. Wengi hawakuwa na chuki ya pekee na jirani zao kabla ya siku zile. Walikuwa na hofu. Vita vilikuwapo, na ndege ya Rais wao ilikuwa imetunguliwa tarehe 6 Aprili alipokuwa akirudi kutoka mkutanoni Dar es Salaam. Tena waliwaogopa wenzao wenyewe, wale waliopita nyumba kwa nyumba wakiwataka wanaume watoke wajiunge na kundi. Mkubwa akiamuru, wakatii. Na mauaji yaliitwa "kazi". Hebu fikirini, neno lile lile ambalo mkulima hulitumia anapochukua jembe asubuhi.

Hata hivyo mtu haamki siku moja akamwua jirani aliyeazimana naye chumvi. Njia ile ilikuwa ndefu. Wabelgiji waliandika kabila la kila mtu katika vitambulisho, tangu miaka ya 1930, na serikali zilizofuata baada ya uhuru hazikuliondoa. Katika miaka ya 1960 wapiganaji wa Kitutsi waliotoka uhamishoni waliitwa inyenzi, yaani mende. Baadaye jina likahamishwa kutoka kwa wapiganaji likabandikwa kwa kila Mtutsi, hata mtoto mchanga, na kuanzia mwaka 1993 redio ya RTLM ililitangaza katikati ya muziki mtamu na mizaha. Watu walicheka. Mtu huuawa, na kumwua ni dhambi. Mende hukanyagwa tu, na anayekanyaga hatubu.

Msidhani kwamba ni lugha ya Kinyarwanda tu iliyotumika hivyo. Katika Bonde la Ufa nchini Kenya, wageni kutoka makabila mengine waliitwa "madoadoa", nalo ni neno la Kiswahili chetu hiki. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walikufa watu zaidi ya 1,100.

Je, laweza kuzuiliwa jambo kama hili? Mwaka 2004 ulianza huko Rwanda mchezo wa redio uitwao Musekeweya, habari za vijiji viwili vya jirani vinavyogombana. Kati ya walioutayarisha alikuwamo Ervin Staub, bingwa wa elimu ya nafsi, ambaye mwenyewe aliokoka akiwa mtoto wa Kiyahudi huko Hungaria mwaka 1944. Wataalamu walipowapima wasikilizaji baada ya mwaka mmoja waliona jambo la ajabu kidogo: imani za moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba watu walikuwa tayari zaidi kusema mbele ya wenzao, "Mimi sikubaliani." Mimi mhubiri habari hiyo ilinichoma, kwa kuwa miaka yote nimehubiri mioyo ibadilike, wala sijawafundisha watu kufungua kinywa.

Waliofungua kinywa walikuwako. Nyange ni mahali ambapo mwaka 1994 kanisa la Wakatoliki liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu zaidi ya 1,500 waliojificha ndani. Pale pale Nyange, Machi 1997, wenye silaha waliingia shule ya sekondari usiku, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Watoto wale walikataa. Kadhaa waliuawa.

Na juu ya upatanisho nitasema kwa kifupi. Mahakama za gacaca, ambazo jina lake latokana na nyasi walizokalia wazee, zilimaliza kazi mwaka 2012 baada ya kesi karibu milioni 2. Wako waliokiri ili wapunguziwe kifungo tu. Lakini wako wajane walioonyeshwa mahali mifupa ya waume zao ilipotupwa, wakaizika. Sisi wachungaji tuna haraka ya kumwambia mjane, "Samehe, mama." Zakayo yeye alitaja kwanza atakachorudisha, tena mara nne. Tusimdai mwenye jeraha kile ambacho hatujamdai mwenye panga.

Yule mama nimemtembelea nyumbani kwake, nikamweleza haya yote. Pia nilimweleza la mwisho, ambalo sikupenda kuliandika. Mwezi uliopita, baada ya kikao cha halmashauri, tukinywa chai, mzee mmoja alitoa mzaha juu ya watu waliohamia bonde la chini, akawaita kwa jina la mnyama. Tulikuwa saba mezani. Wote tulicheka, nami nilicheka. Kijana aliyekuwa akikusanya vikombe ni wa kutoka bonde la chini.

Mama aliniuliza kama nimekwisha kwenda kwake. Nilimjibu kwamba bado.