Mkono wa Mwalimu Katika Mtungi wa Mwanafunzi

Twauliza jambo ambalo kwa wengi laweza kuonekana dogo. Katika shule ya sekondari yenye somo la sanaa, kijana amefinyanga mtungi. Shingo yake imekaa upande, na siku ya maonyesho i karibu. Jioni, wanafunzi wakiisha kwenda zao, mwalimu alowesha vidole, ainyosha ile shingo. Je, ametenda wema au udhalimu?

Wako wamteteao. Husema kwamba kijana asiaibike mbele ya baba yake. Hoja hii si ya kudharauliwa, maana aibu yaweza kumfukuza mtoto katika kazi asirudi tena. Lakini yafaa tuuangalie udongo wenyewe. Mtungi usiochomwa, hata ukiisha kukauka, waweza kulowekwa ukarudi kuwa tope, ukakandwa upya. Ukiisha kupita motoni kadiri ya digrii 600 za Sentigredi, haurudi kamwe. Basi nafasi ya kusahihisha ipo, tena ni ndefu. Aipotezaye ni yule atengenezaye kwa siri. Kijana hatajua kwamba ukuta wa upande mmoja ulikuwa mzito kuliko wa pili. Mwakani atakosea vile vile, naye amekwisha sifiwa kwa shingo isiyo yake. Huo, kwa maoni yetu, ni wizi, ijapokuwa mwizi ndiye atoaye.

Nigeria yatupa mfano mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mwingereza Michael Cardew alianzisha chuo cha ufinyanzi mjini Abuja, mji uitwao sasa Suleja. Mwaka 1954 aliingia Ladi Kwali, mwanamke aliyekuwa mfinyanzi hodari tangu kwao kijijini. Alifundishwa gurudumu, na dawa ile iyeyukayo motoni ikang'aa kama kioo. Walakini mitungi yake mikubwa aliendelea kuijenga kwa mikono, akiizunguka kwa miguu, akiichora mijusi na nyoka kama desturi ya kwao. Sura yake imo katika noti ya naira 20. Mwalimu aliongeza alichojua, asiondoe alichokikuta.

Twawaomba walimu, basi: mwiteni kijana udongo ungali mbichi, mwonyesheni kosa, aikate shingo kwa mkono wake mwenyewe. Na akikataa, mtungi usimame mezani umepinda, upewe alama zake. Nanyi wazazi, mkifika, msianze kwa kucheka, mwulizeni aliujengaje.