Ramadhani 12: "Kaumba Mungu, haya tembea"



Jioni ile ya kutafuta mwezi tulitoka wote, macho magharibi. Ulipoandama tukapeana heri, tukashika simu kutuma salamu. Tangu hapo wangapi wetu tumeutazama tena? Watoto wanautazama kila siku. Wao hawajui kwamba kwetu kazi yake imekwisha.

Na wanauliza. "Baba, mbona mwezi unatufuata?" Hapo tunatoka tarawehe, akili zetu ziko kwenye daku, tunajibu: "Kaumba Mungu. Haya, tembea."

Neno hilo ni kweli, hakuna shaka. Lakini tunalitumia kufungua au kufunga? Mtoto akilisikia hivyo mara kumi, atajifunza kwamba jina la Mwenyezi Mungu hutajwa pale mtu anapotakiwa aache kuuliza. Hilo ni zito kuliko tunavyodhani.

Rudini kwenye Surat al-Ghashiya. Watu wanaelekezwa kwa ngamia, mbingu, milima na ardhi, na kila kimoja kinaulizwa kwa neno lile lile: vipi. Kimeumbwa vipi, kimeinuliwa vipi. Haikutosha kuambiwa ni nani tu. Sasa kijana wako wa miaka mitano naye anauliza vipi, halafu wewe unamwona msumbufu?

Mwezi hautufuati. Uko mbali mno, kama kilomita 384,000. Minazi iliyo karibu tunaipita, lakini wenyewe kwa umbali ule haubadiliki mahali, ndiyo maana unaonekana tunakwenda nao. Mwambie hivyo. Kisha mwoneshe kwamba siku ya kwanza ulikuwa magharibi ukazama upesi, na leo tukifuturu uko tayari juu, upande wa mashariki. Walio karibu na bahari waongeze: tukipita tarehe 14, 15, maji yatakuwa bamvua, yajae sana na yapwe sana, kwa kuwa jua na mwezi vinavuta pamoja. Mtoto akishajua haya hapunguzi kushangaa. Mimi mwenyewe nilizidi.

Mtume (s.a.w.) alikuwa na mzigo wa umma mzima. Pamoja na hayo, alipomkuta Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas, amehuzunika, alimuuliza habari za kindege chake kilichokufa. Kindege tu. Mwanachuoni Ibn al-Qass alitoa katika kisa hicho kifupi faida 60! Sisi tungesema "utanunuliwa kingine."

Najua kuna mama anasoma hapa na kusema, huyu hajawahi kusimama jikoni saa kumi na moja jioni, amefunga, uji unafurika na tambi zinashika chini. Haki yake. Si kila swali lijibiwe saa hiyo. "Sijui mwanangu, tutatazama wote baada ya futari" ni jibu zuri kabisa, ila litimizwe. Watoto wana hesabu kali ya ahadi. Na akina baba, tusimwachie mama maswali yote, sisi ndio tunaotembea nao usiku.

Leo tukitoka tarawehe mwezi utakuwa juu bado, mawingu yakiruhusu. Msikimbilie pikipiki. Simameni nao kidogo pale uwanjani, muwaache waulize.