Kipimo Kimoja

Kijana wa Kaloleni au Makongeni, katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, aweza kuitwa na chuo kikuu cha Marekani kwa wepesi wa miguu yake. Lakini kabla hajashindana hutakiwa cheti cha masomo. Je, ni haki miguu ihukumiwe kwa kalamu?

Ni haki, maana chuo ni nyumba ya elimu. Aingiaye kwa miguu mitupu hana akiba miguu ikichoka. Sharti hilo ni chungu, lakini ni la wote.

Dhuluma ni kipimo cha pili kwa mgeni. Chuo Kikuu cha Howard kilitwaa ubingwa wa kandanda mwaka 1971, kisha kikavuliwa. Mwaka 1973 mahakama iliitangua kanuni iliyowabana wachezaji wa kigeni peke yao, bali sharti la masomo, lililomhusu kila mwanafunzi, ililiacha lisimame.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini ampaye jembe na ampimie shamba kwa kamba ile ile ya mwenyeji. Basi, msomaji, usiiulize sheria ukali wake tu. Iulize kama ina kamba moja au mbili.