Sheria ya Uchochezi: Yapima Maneno au Yampima Msemaji?

Wapo wasemao kwamba ulimi usiwekewe mpaka wowote, na wapo wasemao kwamba serikali ina haki ya kufunga kila kinywa kisichoipendeza. Hubishana sana, lakini mara chache huuliza: sheria ikisha kutungwa, ni nani anayeshikwa nayo? Ndugu msomaji, hebu tuitazame Uingereza, nchi inayosifiwa kwa uhuru wa kusema.

Mwaka 1965 Bunge la huko lilipitisha sheria iliyokataza kuchochea chuki juu ya watu kwa sababu ya rangi au asili yao. Kusudi lake lilikuwa jema, maana wahamiaji kutoka Karibi na Bara Hindi walikuwa wakitukanwa na kupigwa. Mwaka 1967 Colin Jordan, Mzungu mfuasi wa Wanazi, alifungwa miezi 18. Hapo sina la kulaumu. Mwaka huo huo Michael Abdul Malik, mtu mweusi mzaliwa wa Trinidad, alifungwa miezi 12 kwa hotuba dhidi ya Wazungu aliyoitoa mjini Reading. (Mtu huyu alinyongwa kwao mwaka 1975 kwa kosa la kuua, lakini hilo ni jambo jingine.)

Kisha, tarehe 20 Aprili 1968, mbunge Enoch Powell alisimama mjini Birmingham akatabiri kwamba kuingia kwa wahamiaji kutaleta umwagaji wa damu. Kiongozi wa chama chake, Edward Heath, alimwondoa mara moja katika safu ya wasemaji wakuu wa chama. Mahakamani hakupelekwa kamwe.

Watetezi wake husema kwamba alikuwa akiujadili mswada uliokuwa mbele ya Bunge, kwa lugha ya msomi, na kwamba sheria ilidai ithibitishwe nia ya kuchochea. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Mbunge asiyeweza kuijadili sheria ana kazi gani? Lakini je, sumu hupungua ukali kwa kutiwa katika kikombe cha fedha? Malik alisema kwa ukali wa mtu wa mitaani, akasikiwa na wachache. Powell alisema kwa ufasaha, akasikiwa na taifa zima.

Mtume Muhammad (s.a.w.) alionya kwamba watu wa kale waliangamia kwa kumwachilia mwizi wa jamaa bora na kumwadhibu mnyonge. Onyo hilo halikuifuta sheria ya wizi. Vivyo hivyo, wanaotaka sheria ya uchochezi ifutwe kwa kuwa hutumika kwa upendeleo wanamvua mnyonge hata ile ngao yenye tundu. Linalopasa kuchunguzwa ni mkono unaoishika.

Na mkono huo ni wa nani? Kwa sheria ile, hapakuwa na mashtaka bila idhini ya Mwanasheria Mkuu, naye ni mwanasiasa ndani ya serikali. Mwaka 1976 Bunge liliondoa sharti la kuthibitisha nia. Idhini ya Mwanasheria Mkuu haikuguswa, na katika sheria ya mwaka 1986, inayotumika hadi leo, ingali inatakiwa.